Kofia Imeamka, Kichwa Bado

Kijenge, Arusha
Ijumaa, baada ya kazi

Mama yangu mkwe mpendwa,

Shikamoo. Ukiisha kuitikia, mwambie Shemeji Issa anayekusomea asogeze kigoda upande wa sikio lako la kulia, maana la kushoto najua halijapona tangu masika yale. Na wewe Shemeji, hujambo? Soma polepole. Penye neno gumu mweleze Mama kwa Kirangi. Ila nakuomba usiruke mahali popote. Kuna mahali utatamani kuruka, na nikifika hapo nitakwambia.

Mama, goti linakuruhusu kushuka mpaka kisimani, au bado unachotewa maji? Yule mbuzi mweupe mwenye pembe moja amezaa? Salamu ninazokuletea ziwe nyingi kama punje za uwele kwenye ghala lako mwaka wa mavuno mazuri. Mimi mwili wangu mzima, nakula na kulala. Habari za moyo zimo humu ndani ya barua, utazisikia moja moja.

Barua yenu nilipewa na dereva wa lori la asali na ngozi. Mmeniambia kwamba hitima ya mwaka ya mume wangu Ramadhani itasomwa mkishavuna, na kwamba siku hiyo, kwa desturi ya nyumba yenu, nguo za marehemu hutolewa mbele ya ndugu, na yule anayemfuata kuzaliwa huvishwa ile aliyoipenda zaidi, ili mahali pake pasibaki wazi. Kwa hiyo mnataka nilete kofia na koti, Issa avishwe.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na sikujibu. Mtakuwa mmesema nina kiburi. Mama, sababu ni hii: nguo mnazoziomba nilikuwa nimezivaa.

Usishtuke. Unajua kwamba nilipofika hapa nilikuta wameshamzika, nikakaa eda katika chumba kile kile alichokuwa amepanga, kwa huyu bibi anayeitwa Mama Sefu. Eda ilipokwisha nikapata kazi ya kuchambua kahawa kwenye ghala moja upande wa Sakina, barabara ya Nairobi. Kutoka Kijenge mpaka kule ni kuukatiza mji wote. Tunatoka alfajiri, na mlima Meru ukijifunika mawingu unatumwagia manyunyu siku nzima, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Sikuwa na nguo nzito. Koti lilikuwa limening'inia ukutani na kofia juu yake, kama mtu anayenitazama. Nikavaa koti kwa sababu ya baridi. Kesho yake nikavaa na kofia, juu ya ushungi wangu, kwa sababu ya mvua.

Kofia hii wewe unaijua kuliko mimi, maana ilianza kwa mumeo. Ni wewe uliyenisimulia jinsi marehemu Baba alivyombebea mizigo yule Mjerumani mpima ardhi, na Mjerumani alipokimbia vita akamwachia kofia na koti badala ya kwaheri. Ukingo mpana, upande mmoja umekunjwa juu na kushikwa na kifungo. Koti shingo ndefu, vifungo vya shaba mpaka kooni. Hapa mjini hakuna anayevaa hivi tena. Vijana wanavaa makoti mafupi ya Kiingereza na kofia ndogo za kulaza upande. Mtu akipita na nguo za wakati wa Mjerumani ni kama ametoka kaburini. Nisamehe Mama, neno limeponyoka, na kalamu haina kifutio.

Basi siku ya kwanza tu, vijana wa gereji pale Sakina waliacha kazi. Mmoja akatoka chini ya lori, uso umejaa oili, akanipigia saluti.

"Bwana Mkubwa! Vita imekwisha, hukuambiwa?"

Mwenzake akasema, "Mwache, anatafuta wapagazi wake."

Nikainamisha kichwa nikapita. Mbele kidogo kuna mama wa Kimeru anayeshusha ndizi kutoka mlimani. Akashika kiuno, akanitazama juu mpaka chini. "Dada, bwana yuko mtoni anaoga, wewe umemchukulia nguo? Jioni umrudishie, atapata baridi." Wenzake wakacheka mpaka mkungu mmoja ukaanguka. Hakujua, Mama. Angejua asingesema. Lakini mimi niliyajua maneno yale mwili mzima, nikaenda nayo mpaka ghalani, na siku ile nikachanganya kahawa nzuri na mbovu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Wakaendelea kila siku, kila mtu na lake. Mhindi mwenye duka la vitambaa alitoka nje akagusa kifungo: "Mama, koti hii baba yangu iliuzia baba yako. Kifungo bado nzima! Sasa siku hizi nauza takataka." Karani mmoja wa boma, kijana aliyepaka mafuta nywele, akasema kofia yangu ni ya zamani kuliko kodi ya kichwa, kwa hiyo inadaiwa. Na siku ya soko alishuka mzee wa Kiarusha kutoka Oldonyo Sambu, blanketi begani, masikio yamening'inia kwa vipuli. Kuniona tu akajificha nyuma ya punda wake.

"Yeyo, usiandike jina langu!" akasema. Yeyo ni mama kwa lugha yao. "Mgongo huu ulishabeba mizigo ya Mjerumani ukamaliza. Mchukue punda."

Huyo nilicheka kidogo, nakiri. Lakini kuna jambo nililiona ambalo sikulielewa. Wengi wao, wakishasema, hawakuwa wakiondoka. Walikuwa wakisimama, mdomo nusu wazi, kama mtu aliyerusha mpira anangoja urudi. Mimi nikinyamaza wanapoa, wanatazamana, wanarudi kwenye kazi zao. Na aliyezidi wote ni fundi baiskeli mmoja hapo hapo Sakina, jina lake Saidi, mtu mfupi mwenye mvi kidevuni. Huyo hakunisalimu mimi hata siku moja. Alikuwa akiisalimu kofia. Kila asubuhi, baiskeli imepinduliwa mbele yake, gurudumu juu, atapaza sauti:

"Kofia! Umeamkaje?"

Kisha anangoja. Mimi napita. Naye anarudi kuangalia gurudumu lake, uso umemshuka.

Nikamwambia Mama Sefu kwamba mji huu una wazimu. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakuinua macho.

"Si wazimu," akasema. "Wanangoja jibu."

"Jibu gani?"

"La mumeo. Hukumjua mumeo? Alikuwa akipita na mkokoteni wake, mtaa mzima unamtania kwa ile kofia, naye ana jibu la kila mtu. Wale wa gereji wakimwambia vita imekwisha hukuambiwa, anasema, 'Niliambiwa, lakini kwa Kiingereza.' Mimi mwenyewe nimewahi kumwaga uji kwa kucheka. Yule mtu hakuwa na breki ya mdomo."

Mama, nilidhani anamsema mtu mwingine. Nikamuuliza, "Ramadhani? Ramadhani mume wangu?" Akasema, "Kwani kulikuwa na mwingine mwenye kofia ile?"

Wewe ndiye uliyemzaa, niambie. Alikuwa hivyo? Mimi Ramadhani niliyepewa alikuwa mtu wa kimya. Akija likizo mwezi wake mmoja kwa mwaka, anakula, anasema alhamdulillahi, anatengeneza mpini wa jembe, anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa anatazama mbuzi wakirudi. Nikimwuliza habari za Arusha anasema, "Baridi." Nikawa nimekizoea kimya chake, nikakipenda, nikadhani ndicho yeye mwenyewe. Kumbe maneno yote aliyamaliza huku. Miezi yote ile ninayolima peke yangu, huku kuna mama wa ndizi anachekeshwa. Kuna kijana wa oili anachekeshwa. Karani wa boma, mtu asiyejua hata Kondoa kwetu iko upande gani, anachekeshwa na mume wangu asubuhi na jioni.

Nilishikwa na wivu, Mama. Naandika neno lenyewe kwa sababu sina jingine. Sikuwa na wivu wa mwanamke mwenzangu, ule ungekuwa na jina na uso. Ulikuwa wivu wa barabara nzima. Nikawa nikipita nawatazama watu na kujiuliza, huyu naye ana maneno mangapi ya mume wangu? Na walikuwepo alipougua kichomi. Wao ndio waliomwosha, wao wakambeba. Mimi nilikuwa kwenye lori Babati tunangoja mto upungue. Usiku wa mazishi hata kaburi lake sikujua liko upande gani wa mlima.

Hata wewe nimekuonea wivu. Uliwahi kuniambia kwamba alichelewa kusema, na kwamba neno lake la kwanza lilikuwa jina la mbuzi. Nilikuwa nimesahau. Siku ile nilipokumbuka nilikaa nikalikasirikia neno lile, kwamba ni lako, sikuwepo.

Sasa Shemeji Issa, hapa ndipo utakapotaka kuruka. Usiruke, lakini usipaze sauti sana, majirani wasisikie.

Mama, unakumbuka kofia ile ilikuwa kubwa kwa Ramadhani. Marehemu Baba alikuwa na kichwa kikubwa, mwanawe hakukirithi. Kwa hiyo kila anapokaribia kurudi Arusha, nilikuwa nikimshonea ndani, chini ya mkanda wa ngozi, kitambaa cha kujazia. Nilikuwa nakikata kutoka kwenye ile kanga yangu nyekundu ya ndoa, ndiyo maana iliendelea kufupika mpaka ukaniuliza kama panya wanaila. Anakaa juu ya kinu, namvisha, nasema, "Inakaa?" Anatikisa kichwa kushoto, anatikisa kulia. "Inakaa." Basi. Hayo ndiyo maongezi yetu ya kuagana, na mimi nimeyatunza kama mtu anavyotunza sarafu kwenye pindo la nguo.

Wiki moja iliyopita mvua ilininyeshea vibaya, nikaigeuza kofia ili ikauke karibu na jiko. Nikainua mkanda wa ngozi. Ndani hakikuwa kitambaa chekundu. Kilikuwa cha buluu chenye nukta nyeupe.

Nilikaa chini. Nikakishika, nikakinusa kama mbwa. Nikatazama mishono. Mama, ilikuwa mishono mibaya! Mirefu, imekwenda upogo, uzi mnene wenye nta kama wa kushonea gunia. Sijui kama utanielewa, lakini hicho ndicho kilichoniumiza kuliko yote. Kwamba aliondoa changu, nilichoshona kwa mishono ya sisimizi, akaweka cha mwanamke asiyejua hata kushika sindano, na bado akamwambia, "Inakaa."

Kesho yake kazini sikuchambua kahawa. Nilichambua wanawake. Nilimtazama kila mmoja kichwa, kiuno, mgongo alikobeba mtoto, natafuta buluu yenye nukta nyeupe. Nikaipata siku ya pili. Dada mmoja mrefu, mweupe wa uso, kitambaa hicho hicho kichwani, anapita njiani na kikapu chake. Nikamfuata. Akaingia uchochoro, nikaingia. Akapita kwa wauza mkaa, nikapita. Alipofika mlangoni kwake, Kijenge hii hii, hatua chache kutoka ninapokaa, akageuka.

"Dada, unanifuata mimi au unafuata nguo?"

Nikavua kofia nikamwonyesha ndani. Nikamwambia, "Kitambaa hiki ni chako."

Akakitazama. Akakitazama tena. Akaanza kucheka, si kwa ubaya, akanishika mkono. "Mama yangu, kitambaa hiki Mhindi alikiuza kwa bei ya bure kwa sababu kilitoka rangi upande mmoja. Nusu ya Arusha wamekivaa. Mimi nina kichwani, jirani ana pazia, fundi Saidi amevisha viti vya baiskeli. Utatufuata wote?"

Viti vya baiskeli. Nikakumbuka uzi mnene wenye nta.

Sikulala vizuri, na asubuhi nikatoka mapema kuliko siku zote. Fundi Saidi alikuwa ndiyo kwanza anatoa vyombo vyake. Aliponiona akafungua mdomo kusema yale yake, nami nikamtangulia. Niliivua kofia nikaiweka juu ya meza yake ya mafuta, ndani ikiwa juu.

"Nani ameshona hiki?"

Akaangalia kofia, akaniangalia mimi. Nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba chini ya kofia kulikuwa na mtu.

"Mimi," akasema. "Nimeshona kwa sindano ya viti. Kwani kimefumuka?"

"Kile chekundu mlikitupa wapi?"

Akaweka koleo chini. "Wewe ndiye mke wa Ramadhani?"

"Ndiyo."

"Wa Kondoa."

"Ndiyo."

Akavuta kiti kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akaniwekea. Yeye akabaki amesimama. "Alikuja siku moja mvua imempiga, jasho na maji vimekiozesha kile cha ndani, kofia inamwangukia machoni, anagonga watu na mkokoteni. Nikamwambia nitakitoa niweke kipya. Nilipotaka kukata akaninyang'anya kofia mkononi. Akaniambia, 'Ukikitoa hicho, kichwa hakitajua njia ya Kondoa. Weka chako juu yake.' Nikaweka juu yake. Kile chako sijakigusa, dada. Kipo."

Nilimwomba wembe. Akanipa ule wa kukatia mpira. Nikaifumua mishono yake mibaya mmoja mmoja, na chini ya buluu, kikiwa kimechakaa kama utando wa buibui, rangi imebaki pembeni tu, kilikuwepo. Alama za sindano yangu zilikuwa bado zinaonekana. Mishono yangu haikuwa imefumuka hata mmoja.

Fundi Saidi akageuka akaanza kuzungusha gurudumu ambalo halikuwa na ubovu wowote. Akalizungusha muda mrefu. Nilimshukuru kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Kisha nikamuuliza, "Unapoiuliza kofia imeamkaje, yeye alikuwa anajibu nini?"

Hakutaka kusema kwanza. Akasema ni mzaha tu wa wanaume, usiulize. Nikasema nataka. Akakuna kidevu.

"Alikuwa anasema, 'Kofia imeamka, kichwa bado.'"

Mama, nimelicheka hilo. Kweli nimelicheka, pale pale kwenye kiti cha fundi, maana niliisikia sauti yake, ile nzito ya asubuhi, na nikamwona anasukuma mkokoteni macho yamefumba nusu. Kisha nikaacha kucheka, na fundi naye akaacha, na tukawa wote tunaangalia kofia mezani. Ni yeye Saidi aliyemmwagia maji siku ya kumwosha. Aliniambia hapo, bila kuulizwa. Niliona wivu tena, lakini safari hii ulikuwa wivu ambao mtu anaweza kuketi nao.

Kesho yake nilipita nimevaa. Alikuwa na wateja. Nilimwona anasita, anaogopa kuniumiza. Nikasimama mbele yake nikangoja mimi. Ndipo akasema, taratibu, "Kofia, umeamkaje?"

Nikasema, "Kofia imeamka, kichwa bado."

Wateja wakaangua kicheko. Fundi Saidi akachukua koleo, akatazama chini. Na mimi nikaenda kazini. Siku ile niliwajibu na wa gereji pia, lile la Kiingereza na yote. Kijana wa oili alipiga magoti katikati ya barabara akasema, "Amerudi!" Basi Mama, kwa siku chache hizi nimekuwa na mume wangu aliyekuwa akitaniwa na mji. Nimekuwa nikiamka nikitamani barabara. Wewe unaelewa kwa nini sikuweza kujibu barua yenu.

Lakini nimefikiri. Mama wa ndizi jana aliniambia jambo, nami nikamjibu kwa maneno ya Ramadhani niliyofundishwa na Mama Sefu. Akacheka, kisha akasema, "Yule bwana alikuwa akilisema vizuri zaidi." Alisema kwa upole tu. Nikatembea nalo njia nzima. Ni kweli. Ninayasema kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake. Hata kofia yenyewe, nikiivaa mimi, watu wanamtafuta yeye chini yake, na wananikuta mimi.

Kwa hiyo kofia inakuja. Nampa dereva yule yule wa asali na ngozi, pamoja na barua hii, ndani ya kapu. Hitima haijafika, najua, na mimi mwenyewe nitakuja kahawa ikiisha, nitakuwepo siku ya dua. Ningeweza kuja nayo. Lakini nikiendelea kukaa nayo nitabadili nia, najijua. Koti silileti sasa. Baridi ya huku haina huruma, na Issa yuko kwenye jua la Kondoa anataka koti la nini. Koti litakuja na mimi.

Shemeji, kofia utaikuta kubwa. Itakushuka mpaka masikioni, maana na wewe kichwa cha Baba hukukirithi. Kitambaa cha buluu nimemrudishia fundi Saidi, amekiweka kwenye kisanduku cha njiti za magurudumu. Kile chekundu nimekitoa nimekifunga kwenye pindo langu, na hicho sitoi, si kwa desturi wala kwa dua. Usimwombe Mama akushonee, macho yake yamechoka. Mkeo ana kanga; akate yake. Ukae juu ya kinu, akuulize kama inakaa. Na watu wakikutania barabarani, kama watakavyokutania, usiniandikie kuniuliza Ramadhani alikuwa akijibu nini. Sitakwambia. Tafuta yako. Unaona, wivu haujaisha, umepungua tu.

Mama, hapa naomba Shemeji asome kwa sauti kubwa sasa. Nisalimie wifi yangu, dada wa marehemu, mwambie zile mbegu za maboga nimezipata. Nisalimie mjomba aliyenisindikiza mpaka kwenye lori siku ile, na mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu, mwambie mkono bado unakumbuka. Nisalimie mke wa Issa na watoto, na jirani yetu bibi mkunga. Na mbuzi mweupe, ambaye nadhani ndiye mjukuu wa yule ambaye jina lake Ramadhani alilisema kwanza. Nikija utaniambia jina hilo tena. Safari hii nitalisikiliza bila kukasirika.

Dereva anaondoka alfajiri. Kesho nitapita Sakina nimejifunga ushungi tu, kichwa chepesi. Namjua fundi Saidi, ataona tangu mbali, atapinda shingo, atauliza, "Kofia iko wapi?" Watu watageuka kusikiliza, na wa gereji pia, na mama wa ndizi. Hilo Ramadhani hakuwahi kuulizwa, kwa hiyo hakuacha jibu lake. Nimelitafuta mwenyewe jioni hii nikifunga kapu, na nimelipata. Nitawaambia imetangulia.

Ni mimi mkweo,
Asha, mke wa Ramadhani